Mapagala Yasiyo na Watu

Sogeeni, lakini msijinyooshe. Hii si hadithi ya kulalia. Ni ya kukaa macho, na mwishoni nitamdai kila mmoja jibu lake, hata yule aliyekuja kuegemeza mgongo tu.

Palikuwa na watu watatu walioishi safu moja ya nyumba, katika mtaa unaoitwa Nyuma ya Ndege. Uliitwa hivyo kwa sababu uko nyuma ya uwanja wa ndege, na watu wake husikia ndege kabla ya kusikia jogoo.

Wa kwanza ni Mize, mkaanga mihogo. Kipaji chake ni pua. Angepita mlangoni pako akakwambia kwamba samaki wako ni wa jana na mumeo amerudia sigara. Watu walimcheka, kisha wakafunga sufuria zao akipita.

Wa pili ni Atupele, fundi cherehani. Kipaji chake ni sauti. Si ya kuimba, maana akiimba hata watoto wachanga hulalamika. Ni sauti ya kuita. Akimwita mwanawe aje kula, watoto wa mtaa wa pili hunawa mikono.

Wa tatu ni Ndimbo, kibarua wa kazi yoyote. Kipaji chake ni mikono. Ilifanya kazi kabla kichwa hakijamaliza kufikiri. Kikombe kikiteleza mezani, Ndimbo ameshakidaka, ndipo anauliza, "Nini hicho?"

Nyumba zao zilikuwa mapagala. Mnayajua mapagala: kuta zimesimama, plasta hakuna, madirisha ni mashimo yaliyozibwa kwa mifuko ya saruji, na bati limefunika chumba kimoja huku vingine vikitazama mbingu. Msiwaonee huruma ya haraka. Ndivyo wanavyojenga watu wa pale, na ndivyo wanavyojenga wengi tunaowajua. Tofali za mwaka huu, bati la mwaka kesho, na hapo katikati mtu anaishi, anazaa, anaoza binti.

Ila hawakuwa na kibali. Kwa hiyo waliogopa jambo moja kuliko ugonjwa na kuliko njaa: ile alama nyekundu ya X ambayo manispaa huichora ukutani kabla ya kuleta tingatinga. Gari la manispaa likionekana kwenye kona, nguo zilianuliwa, milango ikaegeshwa, majiko yakaingizwa ndani, na watoto wakakumbatiwa midomo imefunikwa. Gari lilipita likaona kuta tupu. Aliyewapanga alikuwa Atupele huyohuyo, mwenye sauti, ambaye siku hizo aliitumia kwa kunong'ona: "Ndani. Ndani. Kimya." Mtaa mzima ulikuwa umejifunza kutokuwapo, na walijisifu kwa hilo.

Sasa ikaja kampuni moja ya kukodisha magari. Wageni wanashuka kwenye ndege, wanataka gari safi lenye tangi lililojaa, ni haki yao. Kampuni ikanunua eneo lililopakana na safu ile, ikaomba manispaa ruhusa ya kujenga kituo cha kuoshea magari yake na kuyajaza mafuta. Matangi ya petroli yangezikwa ardhini, upande wa ua ulioelekea mapagala.

Maombi kama hayo hayapiti hivihivi. Kamati ya mipango miji huyapitia, afisa huja kutazama jirani kuna nini, na majirani huitwa waseme kama wana pingamizi. Afisa alikuwa Bi Editruda. Alikuja asubuhi, akaja tena mchana, akaja na siku nyingine. Kila alipokuja aliona kuta, mifuko ya saruji na ukimya. Akatoa taarifa kwenye kamati kwamba upande ule hakuna makazi, ni mapagala.

Najua mnataka kumrukia Bi Editruda. Ngojeni. Alisema alichokiona, na alichokiona kilipangwa kwa ustadi na watu wenyewe. Ila hakubisha hodi hata mlango mmoja. Hilo nalo liwekeni kichwani.

Tangazo la pingamizi lilibandikwa ofisi ya mtaa. Mize alilisoma, akaenda kwa Atupele.

"Shoga, twende tukapinge."

"Tukaseme nini?"

"Kwamba wanatuzikia petroli uvunguni."

"Watakuuliza unakaa wapi."

"Nitawaambia nakaa hapa."

"Hapa wapi? Hapa hakuna mtu, Mize. Tumehangaika miaka hapa pasiwe na mtu." Atupele alikata uzi kwa meno. "Ukijitaja wewe, umetutaja wote. Kesho tuna X. Petroli ni ya labda, X ni ya hakika."

Mize akarudi kukaanga mihogo. Hakuna aliyepinga.

Basi siku ya kamati kuja kukagua eneo ikafika. Kampuni haikuwa imesubiri ruhusa. Tangi moja lilikuwa limeshafukiwa, na boza lilikuwa limeshalijaza, "kwa ajili ya majaribio tu, waheshimiwa," alisema meneja. Palikuwa na turubai, viti vilivyovalishwa vitambaa, na maji ya chupa yenye baridi. Mwenyekiti wa kamati, mheshimiwa Ngalomba, alikaa mbele. Magari mawili meupe yalisimama tayari kuoshwa na kujazwa mbele ya wageni, waone jinsi kila kitu kilivyo salama.

Na aliyeajiriwa kibarua cha kuyaosha alikuwa nani? Ndimbo. Amevalishwa ovaroli mpya ya kampuni, ameshika mpira wa maji, na ng'ambo ya ua anaona dirisha la chumba chake mwenyewe.

Meneja alimwuliza kwa sauti, mradi mheshimiwa asikie, "Kijana, wewe ni wa maeneo haya. Kule kuna watu?"

Ndimbo akatazama mapagala. Alijua nyuma ya kila mfuko wa saruji kuna jicho linamtazama.

"Mbuzi tu, bosi," akasema.

Watu wa kamati wakacheka. Bi Editruda akatabasamu, taarifa yake imethibitishwa.

Ilikuwa saa ya kupika chakula cha mchana. Siku nyingine majiko yangekuwa nje, kwenye upepo. Siku hiyo, kwa sababu ya gari la manispaa, yalikuwa ndani vyumbani, mkaa umekolea, na watu wameketi kuyazunguka bila kukohoa. Chini ya vyumba hivyo ulipita mtaro. Mtaro ulikuwapo kabla ya nyumba. Watu walijenga juu yake, wakaufunika kwa mbao, wakaweka mikeka. Ulianzia ndani ya eneo la kampuni, ukapenya chini ya ua, ukapita chumba kwa chumba hadi kwa Bibi Nangoma, nyumba ya mwisho, aliyekuwa ameinjika maharage.

Ndimbo akafungua maji. Povu likatiririka mtaroni. Mtu mwingine wa kampuni akaanza kujaza gari mafuta. Kiungo cha mpira wa mafuta hakikuwa kimekazwa. Petroli ikawa inamwagika sakafuni taratibu, na maji ya kuoshea yakaibeba. Pale turubaini hakuna aliyeona. Petroli haizami, huelea juu ya maji na kwenda yanakokwenda.

Hapa ndipo nataka msikilize vizuri, maana kilichofuata kilikuwa cha pumzi chache.

Mize alikuwa amekaa kimya chumbani kwake. Kwanza alinusa sabuni. Chini ya sabuni akanusa kitu kingine, kitamu kidogo, chenye kuwasha nyuma ya macho. Mbao za mtaro zilikuwa chini ya miguu yake na jiko lake lilikuwa hatua moja kutoka hapo. Mwili wake ulitaka kupiga kelele, na mtaa ulikuwa umemfundisha asipige. Alimwagia jiko lake ndoo nzima ya maji, akasubiri mpaka mkaa wa mwisho ukaacha kulia. Kisha akatambaa hadi kwenye tundu la ukutani, upande wa Atupele, akanong'ona, "Petroli. Mtaroni. Inakuja kwetu sote." Katika safu nzima hakuna mwingine aliyejua. Pua ya Mize ndiyo iliyojua.

Atupele aliposikia, alichungulia kwenye upenyo wa mfuko wa saruji dirishani. Ng'ambo ya ua alikaa mheshimiwa Ngalomba, kamati nzima, na gari la manispaa, buti lake limejaa makopo ya rangi nyekundu ya kuchorea X. Ndivyo alivyoamini, na mimi sijui kama ni kweli. Angefungua mdomo, kila alichokificha kwa miaka kingeonekana mara moja. Alimtazama mwanawe aliyekuwa akipulizia jiko. Akafungua mdomo.

"TOKENI! PETROLI! ACHENI VYOTE, TOKENI! NDIMBO, ZIBA MTARO! NDIMBO!"

Wanasema rubani aliyekuwa kwenye ngazi ya ndege aligeuka. Sijui. Ninachojua ni kwamba safu nzima ilisikia, hata Bibi Nangoma ambaye sikio moja limekufa.

Ndimbo alisikia jina lake, na mikono ikatangulia. Mpira wa maji ukaanguka, bomba likafungwa, ovaroli mpya ikavuliwa na kushindiliwa kwenye mdomo wa mtaro, kisha mchanga wa ujenzi, kwa viganja, kwa mikono hadi kwenye kiwiko, kwa kifua alipoona viganja havitoshi. Meneja alimfokea, "We, umerogwa?" Petroli ilikuwa inamla ngozi ya kifuani naye anazidi kuukumbatia mchanga kama mtu anayemzuia mgonjwa asianguke kitandani.

Ndipo mapagala yalipoanza kutoa watu.

Walitoka milangoni na kwenye mashimo ya madirisha. Akina mama wenye watoto mgongoni, wazee walioshikwa mikono, mtu mwenye povu la kunyoa shavu moja, bibi arusi wa wiki iliyopita na hina yake bado mbichi. Walitoka na hawakuisha. Turubaini watu walisimama mmoja mmoja. Bi Editruda alisimama, akakaa tena, lakini kiti hakikuwapo, akakaa chini.

"Hawa..." mheshimiwa Ngalomba alitafuta maneno. "Hawa walikuwa wapi?"

Bibi Nangoma ndiye aliyetoka wa mwisho, mwiko wa maharage mkononi.

"Tulikuwa nyumbani, mwanangu," akasema. "Ulitaka tuwe wapi?"

Hakumaliza kulisema hilo vizuri. Petroli iliyowahi kupita kabla ya mchanga wa Ndimbo ilikuwa imefika chini ya jiko lake, mahali mbao zilipoacha upenyo. Palisikika kitu kama shuka kubwa linalokung'utwa. Moto ukashika mtaro ukarudi nyuma kule petroli ilikotoka, chini ya mbao, chumba kwa chumba, na katika kila shimo la dirisha ukatoa ulimi na kuurudisha, kama unaotafuta mtu. Ulikula mikeka. Ulikula pazia la mifuko ya saruji chumbani kwa Atupele na cherehani yake pamoja. Ukafika chini ya ua, ukagusa mchanga, ukasimama. Upande wa pili wa mchanga alilala Ndimbo, kifua wazi, amelowa petroli. Hatua chache nyuma yake lilifukiwa tangi lililojaa.

Moto ukakaa hapo. Kisha ukafifia, ukawa moshi.

Hakufa mtu. Rudieni hilo vichwani mwenu, maana kamati ililirudia sana: hakufa mtu.

Kamati ikakutana. Ingekuwa nyinyi mngefanyaje, kama si kukataa ombi lile siku hiyohiyo? Wao waliliahirisha. "Linahitaji mapitio ya kina," alisema mheshimiwa Ngalomba alipokuja kuwatangazia, safari hii akiwa amesimama mbali kidogo na ua. Tangi libaki lilipo hadi mapitio yakamilike, kulifukua nako kunahitaji kibali. Wakazi wabaki walipo hadi suala lao nalo lipitiwe. X hazitachorwa kwa sasa.

"Kwa sasa," Atupele alirudia, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyemzoea nayo.

"Lakini manispaa haikosi shukrani," mheshimiwa aliendelea. "Tunacho kiwanja kimoja kilichopimwa, kule Mlimani, mbali na mafuta, chenye hati na ruhusa ya kujenga. Tumekitoa kwa yule aliyeokoa maisha ya watu hawa. Mtajeni wenyewe, msije mkasema tumependelea. Jina moja. Ijumaa atakuja afisa kulichukua. Msipokuwa na jina, kiwanja kinarudi manispaa."

Msifikiri walikigombea kwa tamaa. Tangu siku ile watoto wa Nyuma ya Ndege walilala wamevaa viatu. Hakuna aliyewasha kiberiti bila kumwita kwanza Mize aje anuse. Mwanamke mmoja alikuwa akiwapikia wanawe nje, barabarani kabisa, gari zikimkwepa. Kiwanja kile kilikuwa usingizi, na ulikuwa wa familia moja tu.

Mwenyekiti wa mtaa akawakutanisha Ijumaa hiyo kuanzia asubuhi, katikati ya safu, hapo harufu ya moshi ilipokuwa bado imeng'ang'ania.

Mize akaanza. "Kila kitu kilianzia puani kwangu. Nisingenusa, Atupele angepiga kelele ya nini? Ndimbo angeziba nini? Mngekuwa mmekaa kimya mnangoja ugali, na ugali ungewakuta majivu."

"Na jiko lako ulilizima kwanza!" mtu akadakia. "Tulisikia ndoo. Sisi tunapikwa, wewe unasikiliza mkaa wako unavyolia."

"Ulitaka nizime lako nikiwa kwangu?" Mize akamgeukia. "Ningewaka mimi, nani angenong'ona? Samaki wako anayeoza?"

Wakacheka kidogo. Kisha wakaacha, kwa sababu kicheko kilisikika vibaya pale.

Atupele akasimama. "Pua ilinong'ona. Mtu hatolewi kwenye moto kwa kunong'onwa. Ni sauti yangu iliyowatoa, na ni sauti yangu iliyoipa mikono ya Ndimbo kazi. Nyinyi mlirudi mkakuta nyumba zenu zina weusi kidogo. Mimi chumba changu kimeisha na cherehani imeisha."

"Dada Atupele," akasema yule bibi arusi, kwa heshima lakini bila kuyumba, "nani alitufundisha kujificha? Kama tungeonekana mapema, tangi lingewekwa hapo? Na sasa umetuita wote tumeonekana. X zikija, zitakuja kwa sauti ileile."

"Basi ningenyamaza?"

Bibi arusi akarudi nyuma kwenye kundi.

Ndimbo alikuwa ameketi juu ya tofali, kifua na mikono imefungwa bendeji hadi kwenye vidole. "Mimi sina maneno," akasema. "Moto ulifika kwangu ukasimama. Usingesimama, hapa kusingekuwa na Mize wala Atupele wala mkutano. Na mimi nilikuwa na nafasi ya kukimbia. Wao walikuwa ndani, hawakuwa na pa kukimbilia. Mimi geti lilikuwa wazi."

"Bosi," mzee mmoja akaita kutoka nyuma, "sisi mbuzi tunaruhusiwa kuuliza swali?"

Ndimbo akainamisha kichwa.

"Ungemwambia ukweli pale pale kwamba kuna watu, angeendelea kumimina mafuta?"

"Ningesema kuna watu, mzee, mngenipiga jioni yake. Wewe ungekuwa wa kwanza."

Mzee akafikiri. "Kweli," akasema. "Ningekupiga."

Wakamgeukia Bibi Nangoma, labda yeye ataamua. Akakataa kwa mwiko. "Mimi msiniulize. Jiko lililowasha lilikuwa langu. Tangu siku ile sijapika."

Wakajadili hadi jua likawa la utosi. Wa Mize walikuwa wengi, kisha wa Atupele wakawa wengi, kisha mtu akatazama bendeji za Ndimbo zilizoanza kulowa, na wa Ndimbo nao wakaongezeka. Waliobaki kimya hadi mwisho ni wale ambao madirisha yao yanatazama tangi.

Sasa najua mnachotaka kuniambia. Mtasema wagawane. Hati ina jina moja, na kiwanja ni cha chumba na sebule. Mtasema wakikatae wote kwa pamoja, iwe fundisho. Fundisho kwa nani? Manispaa itakichukua irudi nacho, na tangi litabaki na jirani watatu badala ya wawili. Mtasema swali la kweli ni kwa nini kiwanja ni kimoja, kwa nini anayehamishwa ni mtu na si petroli. Hilo ni swali zuri sana. Kaliulizeni mbele ya kamati, nami nitasimama nanyi bega kwa bega hadi wanitoe nje. Lakini msilitumie leo kukimbia langu.

Maana afisa ameshafika. Safari hii hakuna aliyejificha, wamesimama wote nje, na ameshangaa jinsi walivyo wengi. Ameshika kalamu. Ameuliza, "Jina?"

Mize anatazama chini. Atupele anatazama chini. Ndimbo hawezi hata kukunja vidole. Mwenyekiti wa mtaa amefungua mdomo, akaufunga, akageuka kukutazama wewe.

Aliyenusa, aliyeita, au aliyeziba? Na ukumbuke kwamba ukimtaja mmoja, umewataja na wawili watakaobaki hapo na tangi. Wako mbele yako, wanakusikia.

Haya. Nani?